Picha ya Kumi na Mbili

Kitanda kilihamishwa siku ya mwisho ya mwaka, saa kumi jioni, mwenye kitanda akiwa juu yake.

Mumewe alishika upande wa kichwani, wifi yake akashika miguuni, wakamsogeza kutoka dirishani mpaka ukutani, nyuma ya kabati la nguo. Mguu mmoja wa kitanda ulikwama kwenye ufa wa sakafu, nyonga mbovu ya mkewe ikatikisika, naye akauma mto asipige kelele. Mumewe akasema, "Pole, pole, tumeshafika." Hakuwa akimwambia mkewe. Alikuwa akikiambia kitanda, maana kilikuwa cha mninga na miguu yake ilishaanza kulegea.

Mwanamke huyo alikuwa fundi cherehani. Miaka thelathini na moja cherehani yake ilikaa chini ya dirisha lile kwa ajili ya mwanga, na wateja waliozoea kufika walijua kwamba ukitaka kusalimia nyumba ile husalimii mlangoni, unasalimia dirishani. Alipovunjika nyonga, cherehani ikapelekwa stoo na kitanda kikachukua nafasi yake. Akaona si haba. Miguu imegoma, lakini macho bado yana kazi.

Namna alivyovunjika inafaa isemwe mapema, ili msomaji asije akamwonea huruma asiyestahili. Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watu wote walimwita Mpima, hata dada yake wa tumbo moja. Alipostaafu alirudisha ofisini darubini ya kupimia, akabaki na kofia, timazi, na maradhi ya kutaka kila kitu duniani kikae kwenye pointi. Binti yao aliyeolewa mbali akamletea kamera. Masikini binti, alidhani anampa baba kitu cha kumtuliza. Tangu siku hiyo Mpima hakuinua kichwa. Alipiga buibui, alipiga umande, alipiga konokono wawili waliokuwa na shughuli zao za faragha. Siku ya nyonga mvua ilikuwa ya rasharasha, naye alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa mtaro, anapiga uyoga. Mkewe alisimama nyuma yake na mwavuli. Mwavuli haukuwa wa Mpima wala haukuwa wa mkewe, ulikuwa wa kamera. Udongo ukateleza, mama wa watu akaporomoka hadi chini, na kabla hajapata pumzi ya kulia akamsikia mumewe juu yake: "Mwavuli! Mwavuli!"

Picha ya uyoga ilitoka vizuri sana. Iko sebuleni mpaka leo.

Sasa, nje ya dirisha ulisimama msufi, na msufi ule ulikuwa wa mke. Mwaka walipojenga alikata tawi nene la msufi akalichomeka liwe nguzo ya uzio, kuzuia mbuzi. Nguzo ikakataa kufa. Ikatoa jani, ikatoa tawi, ikanenepa, ikausukuma uzio pembeni kama mgeni mnene kwenye benchi. Mpima alitaka kuing'oa kwa kuwa ilikuwa nusu hatua nje ya mstari. Mkewe akamwambia, "Ukiung'oa huo, na mimi umening'oa." Yalikuwa maneno ya ujana, lakini yalifaa. Kila kiangazi aliokota sufi yake akajaza mito ya nyumba nzima, pamoja na ule aliouuma siku ya kuhamishwa.

Kilichomhamisha ni shindano. Jarida la wakulima lilitangaza: mwaka mzima wa maskani yako, picha kumi na mbili, moja kila mwezi, zote kutoka mahali pamoja bila kusogea. Bila kusogea! Maneno hayo yalimwingia Mpima damuni. Alizunguka nyumba nzima na stendi yake ya miguu mitatu begani, akitafuta pointi, na pointi ikapatikana palepale kilipokuwa kitanda.

"Si upige kutoka uwanjani," mkewe alimwambia.

"Uwanjani kuna mbuzi, kuna mvua, kuna wapita njia. Na nyumba iko juu ya mwinuko. Hapa dirishani ndipo mti unanitazama usoni."

"Na mimi nitatazama nini? Kabati?"

"Mwaka mmoja tu, mama. Picha ya kumi na mbili ikitoka, kitanda kinarudi. Neno langu hilo."

Akashusha timazi, akatia alama tatu sakafuni, moja kwa kila mguu wa stendi. Chaki ingefutika. Akafungua droo ya mkewe, akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu, ambayo mkewe aliipaka mara ya mwisho kwenye harusi ya binti yao. Vitone vitatu. Akavipuliza vikauke, na kwa muda mfupi mtu angedhani anampuliza mtoto aliyeungua.

Basi kila tarehe mosi, saa moja na nusu asubuhi, Mpima aliingia na kamera yake. Mkewe aliona mgongo wake, mlango wa kabati, na doa la unyevu ukutani lililofanana na buti. Alisikia kacha. Halafu mume alimgeuzia kioo kidogo cha kamera, kwa mkono ulionyooshwa, kama mtu anayemwonyesha mbwa mfupa. "Usiguse kioo." Kabla hajaona tawi liko wapi, kamera ilisharudi kwenye mfuko wake. Picha kubwa zilisafishwa mjini, zikatundikwa sebuleni, na yeye sebuleni hakufika.

Akaanza kuishi kwa masikio. Kiangazi alisikia maganda ya msufi yakipasuka, na punje za sufi ziliingia dirishani zikamjia mpaka kitandani, wageni pekee ambao mumewe hakuweza kuwazuia. Masika yalipoingia alisikia majani mapya yakipokea mvua, kwanza machache, halafu mti mzima. Na mwezi wa nne akasikia mbawa. Zilikuja, zikaenda, zikaja. Mtu anayebeba kitu hurudi kwa mwendo mwingine, na fundi aliyezoea kutambua wateja kwa hatua zao hakukosea.

"Mzee," alimwambia mumewe, "kuna hua wanajenga kwenye msufi. Panda ya pili, upande wa jikoni."

Mpima alitazama kwa darubini ya kamera muda mrefu. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. "Wewe mwanamke una masikio ya popo," alisema, akacheka, akampigapiga mguuni, ule mzima. Mkewe alifurahi. Aibu yake ni hiyo, na hakuificha baadaye: alifurahi mno, akawa anamngoja kila jioni ampe habari za kwenye mti. Leo dume ndiye aliyelala ndani. Leo mayai yameanguliwa, sauti ni mbili. Aliwahesabia makinda siku zao kama mzazi anavyohesabiwa arobaini yake, na moyoni akajiwekea kwamba wakiruka, hata yeye atajaribu kushusha miguu.

Tatizo lilikuwa majani. Masika yalikuwa yameufunika msufi, na mwenye kutazama kutoka dirishani aliona kijani kitupu. Siku moja kabla ya tarehe mosi mwezi wa tano, mke akasikia uwanjani sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe. Ulikuwa mkasi wake wa kukatia vitambaa. Mpima alikuwa ameufunga kwenye mwanzi mrefu, na kamba ya kuuvutia.

"Unakata nini?" alipaza sauti.

"Nafungua pazia kidogo!"

"Hilo pazia si lako! Ni la wale watoto! Jua litawaunguza, mwewe atawaona!"

"Siku moja tu. Kesho ndiyo mosi."

Akakata majani yote ya upande ule, akasafisha vijiti vilivyoziba, kazi ya mpima ardhi anayefyeka mstari ili aone mbali. Na kweli alipomaliza kilionekana kila kitu. Alichosahau ni kwamba ukifungua mstari wa kuona, hufungui kwa jicho lako peke yake.

Kulipokucha, saa moja na nusu, alikuwa nyuma ya stendi. Kacha. Halafu mke akasikia kitu kizito kikikata upepo, na hua jike akapiga ukelele.

"Mfukuze!" alisema.

Kacha, kacha, kacha.

"Piga dirisha! Piga makofi, wewe! Mfukuze!"

"Nyamaza, utanitikisa!"

Akapiga makofi yeye mwenyewe, kitandani, nyuma ya kabati. Akatupa kikombe cha bati kikagonga ukuta. Kinda la kwanza lilikwenda likilia. La pili mwewe alirudi kulichukua baada ya dakika kama ishirini, na Mpima alikuwa bado palepale. Alikuwa amemsubiri.

Aligeuka akiwa na jasho puani, anatabasamu kama bwana harusi. "Umeona?" akauliza, kisha akakumbuka kwamba hakionekani kitu kutoka pale, akamgeuzia kioo kidogo. "Tazama kucha zake. Tazama jicho. Usiguse."

Hua jike aliita siku tatu. Siku ya nne akanyamaza, na mke akamchukia mumewe rasmi. Haikuwa hasira, hasira aliijua, huja na kuondoka kama homa. Hii ilikuwa chuki safi, iliyonyooshwa kwa pasi na kukunjwa vizuri.

Wifi yake, aliyekuja kila asubuhi kumwosha na kumgeuza, ndiye aliyemwona amebadilika. Mawifi hawa walitaniana tangu ujana. "Wifi, siku hizi hata matusi hunitukani," alisema. "Au kaka yangu amekuudhi? Yule sasa ni wa kumwacha tu. Ameuoa ule mti, wewe umebaki mke mkubwa."

"Nimtafutie talaka mke mdogo," alijibu mke.

Wifi akacheka. Hakujua kwamba anaambiwa kweli.

Ila fundi hakuwa na papara. Kipupwe kikaja na ukungu wake, picha ya sita, ya saba, ya nane. Vuli ikaja, ya tisa, ya kumi. Aliujua ufundi wa uharibifu kwa kuwa aliujua ushonaji. Ukimwagia wino kitambaa, fundi hukata kingine na maisha yakaendelea. Mwagia gauni lililobakiza kifungo kimoja, hapo ndipo mwenyewe analia. Alimwacha mumewe ashone. Alimsifu hata. Mpima alisema chakula kimekuwa kitamu siku hizi, ingawa aliyepika alikuwa dada yake.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja Mpima alikwenda mjini kusafishisha picha. Gari lake halijafika hata barabara kuu, mke akamwambia wifi, "Nenda kaniitie Chensoo."

Chensoo alikuwa mkata miti, na jina hilo alilipata kutokana na msumeno wake wa mashine ambao ulisikika vijiji vitatu. Akaja, akavua kofia, akasimama mlangoni mwa chumba kwa adabu.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa kuna mti."

"Marahaba. Huo wa dirishani. Uangushe."

"Msufi wa picha? Mzee anajua?"

"Nguzo hiyo nilichomeka mimi kwa mkono huu. Mzee yeye ni mpiga picha tu."

Wifi alimshika bega. "Wifi, wewe si umebakiza wiki mbili? Tarehe mosi anapiga ya mwisho, unarudishiwa dirisha lako na mti ukiwa umesimama. Subiri basi. Mvumilivu hula mbivu."

"Dirisha nitalipata vilevile," alisema. "Ila yeye kumi na mbili hatazipata. Mwambie aanze."

Haukuchukua saa nzima. Msufi ni mti laini, unakatika kama unaokubali. Mke alilala akitazama buti lake la ukutani, na wifi akasimama dirishani kumsimulia huku machozi yanamtoka: sasa umeinama, sasa umelalia uzio. Kishindo kilipopiga, glasi ya maji ikatetemeka mezani. Mke alidhani atafurahi. Alihisi kama amekatwa kiganja. Lakini alitabasamu, kwa sababu tabasamu hilo alilitunza miezi sita na hakutaka liharibike.

Chensoo akarudi mlangoni, amejaa unga wa mti. "Mama, kisiki nikitie oili chafu nikichome, au nikiache? Maana msufi huu..."

"Kiache."

"Unajua tabia yake lakini."

"Nimesema kiache. Nataka akione."

Mpima alirudi jioni na bahasha kifuani. Alisimama uwanjani. Mke alisikia hatua zikikatika, akangoja kelele kwa hamu ambayo hata siku ya harusi yake hakuwa nayo. Kelele haikuja. Mpima aliingia, akaitazama stendi, akamtazama mkewe. Akaikunja stendi mguu mmoja mmoja. Akamwita dada yake, wakasukuma kitanda mpaka dirishani.

"Haya," alisema. "Dirisha lako hilo."

Wiki mbili zile mke alikuwa na mwanga. Aliletewa mashati akashona vifungo. Aliona barabara, aliona mbuzi, aliona anga tupu pale ilipokuwa panda ya pili. Siku moja hua alikuja akazunguka mahali pa mti, akazunguka tena, akaenda zake. Mke akaweka sindano chini. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa kisiki cheupe chenye majimaji, nacho alikitazama asubuhi mpaka jioni kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama. Usiku wa kuamkia tarehe mosi alijiambia kwamba angalau yamekwisha.

Saa moja asubuhi mlango ukafunguliwa. Mpima alikuwa na stendi begani, na dada yake nyuma yake, kichwa chini.

"Tusogeze kidogo, mama."

"Usogeze nini? Hakuna mti!"

"Pointi haiachwi wazi," alisema Mpima kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi wa kazi. "Ukianza kupima unafunga mzunguko, hata ukikuta shamba limegeuka ziwa. Unaandika ziwa, unafunga."

Wakamsukuma ukutani. Mguu wa kitanda ukakwama kwenye ufa uleule. Vitone vitatu vyekundu vilikuwa vingali pale. Saa moja na nusu, kacha. Kitanda hakikurudi siku ile, Mpima alisema wasubiri kwanza majibu ya jarida.

Barua ya jarida ilikuja mwisho wa mwezi wa kwanza, na Mpima akaja kuisoma kitandani, amesimama wima. Alikuwa mshindi wa kwanza. Waamuzi walisema picha nyingi zilikuwa nzuri, ila mwaka wa mti huu ndio uliowaliza. Sufi, jani, mwewe kiotani, ukungu, na mwisho kisiki peke yake asubuhi. Walisema bila kisiki kile zingekuwa picha kumi na mbili za mti tu. Walimsifu mpiga picha kwa uvumilivu wake, na zaidi ya yote kwa huruma yake. Neno huruma alilisoma mara mbili.

"Sikujua," alisema akikunja barua. Macho yake yalikuwa na maji, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa maji ya kweli. "Mimi siku ile nilidhani umenifanyia roho mbaya. Kumbe ulikuwa unaona mbali kuliko mimi. Asante, mke wangu."

Alitoka akarudi na nyundo. Juu ya lile doa la buti, usawa wa macho ya mkewe pale alipolala, akapiga msumari, akatundika picha ya kisiki ndani ya fremu. Ya kwanza na ya pekee aliyomletea chumbani.

"Na kitanda?" mke aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kumi na mbili zimetimia. Ulitoa neno lako."

"Ah, sijakwambia. Wameomba mwaka wa pili." Mpima alichuchumaa dirishani, akapangusa sakafu kwa kiganja. "Si unaukumbuka mti wako, haujui kufa? Kisiki kimeshatoa machipukizi matatu. Moja lina majani tayari. Nitakuonyesha."

Vitone vilikuwa vimefifia kwa mwaka mzima wa kufagiwa. Alifungua droo ya mkewe, akaipata chupa, akavipaka upya kimoja kimoja, akivipuliza. Mke alimtazama mgongo.

"Rangi hiyo," alisema, "si imekwisha?"

Mpima aliinua chupa, akaitikisa karibu na sikio. "Wala," akasema. "Hata nusu haijafika."